Karata ya Mnara

Wako watu ambao wasiwasi huwatembelea, ukakaa siku mbili ukaondoka. Mama Pacha aliolewa nao, siku ile ile alipoolewa na fundi wa kupanda minara ya simu. Upepo ukitikisa tu mlango wa saluni yake, mikono husimama kichwani mwa mteja na macho yakakimbilia kilimani, ulikokuwa mnara mrefu kuliko yote ya mji ule. Wateja walishamzoea.

"Mama Pacha, unanisuka mimi au unasuka mawingu?"

Anacheka, anaendelea kusuka, jicho moja kilimani. Baba Pacha mwenyewe hakuwa na habari. Wenzake kazini walimwita Kunguru, kwa kuwa akishafika juu hupenda kukaa kidogo atazame mabati ya watu. Akirudi nyumbani husimulia nani kaanika nini kambani, na pacha wake wawili wa kike wanaangua kicheko.

Mwalimu alikuwa mteja wa kila wiki. Alishastaafu, nywele zake chache na nyeupe, na hazikuhitaji kusukwa mara zote hizo, lakini mpweke haulizwi. Kwa kuwa kichwa chake kimeshikwa, na mikono yake mwenyewe haina kazi, alitandaza taulo magotini na kupanga juu yake karata zake za taroti, zile za picha za kutazamia bahati, moja moja. Mama Pacha, akiwa nyuma na kitana, akawa anachungulia kwa juu ya bega.

"Hizo za kamari, Mwalimu?"

"Kamari ni ya wanaotaka kushinda, mwanangu. Hizi ni za kutazama."

Ndipo masomo yakaanza. Mwalimu alikuwa na sheria yake, na darasani lazima alikuwa mkali: huruhusiwi kusema maana ya karata kabla hujasema kila unachokiona kwenye picha. Siku ya kwanza akamwonyesha mtu aliyening'inizwa mguu mmoja, kichwa chini.

"Maskini, wamemuua," Mama Pacha akasema.

"Nimekuuliza unaona nini, sijakuuliza msiba wa nani. Tazama uso wake."

Akatazama. Uso ulikuwa umetulia, na kichwa kimezungukwa na mwanga. Huyo ndiye Mnyongwa, Mwalimu akaeleza, mtu aliyekubali kungoja na kuyaona mambo kutoka upande mwingine. Hata karata ya Mauti, mifupa mitupu juu ya farasi mweupe, nyuma yake kulikuwa na jua kati ya minara miwili, maana yake jambo moja limekwisha ili lingine lipate nafasi. Karata nyingine ziko makundi manne. Vikombe ni mambo ya moyo. Panga ni mawazo na maneno, na kama maneno ya watu yalivyo, nyingi zinachoma. Fimbo ni juhudi ya mtu. Sarafu ni vitu vya kushikika, nyumba, mwili, shamba. Mama Pacha alizishika kama anavyoshika mitindo mipya ya nywele, upesi na kwa furaha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kupata kitu kinachomsahaulisha kilima saa nzima.

Mwalimu alifurahi hata akamwazima karata aende nazo nyumbani kujifunza. Ila akampa sharti.

"Usimtolee karata mtu wa nyumbani kwako. Bado."

"Kwa nini?"

"Unajua kutazama picha ukiwa umetulia. Ukiwa na hofu hujajua."

Mama Pacha akaitikia vizuri kabisa, kama tunavyoitikia sote tukishakata shauri la kufanya kinyume.

Jioni ile Baba Pacha akasema kesho wanapanda kilimani. Taa ya kileleni mwa mnara imekufa. Akala, akaenda uani kuwasaidia pacha kufua soksi za shule. Mama Pacha akabaki chumbani, akachanganya karata juu ya kitanda, akauliza kimoyomoyo kesho itakuwaje, akatoa moja.

Ilikuwa Mnara. Mnara mrefu juu ya jabali, umepigwa radi, moto unatoka madirishani, na watu wawili wanaanguka vichwa chini. Hakuhesabu kingine chochote kwenye picha ile. Uani mumewe alikuwa anacheka na wanawe, na kicheko kile kilimuumiza kama vile tayari ni cha kukumbukwa.

Kumwambia asiende? Angemcheka, angembusu kipajini, na angekwenda. Basi akakumbuka jambo alilokuwa akilisema mumewe kila mara: asiye na mkanda wake hapandi. Kila fundi ana mkanda wake wa usalama, umekazwa kwa kipimo cha mwili wake, na hiyo ndiyo amri ya kwanza ya kazi. Mkanda wa Baba Pacha ulitundikwa msumarini nyuma ya mlango. Mama Pacha akauangua, akausukuma chini kabisa ya mfuko wake wa nywele bandia, ule anaoubeba kila siku kwenda saluni. Mtu akijipalia makaa kwa mikono yake, huwa anadhani anaota moto.

Asubuhi ikawa vurugu.

"Mama Pacha, umeuona mkanda wangu?"

"Si uliuacha kwenye gari la kazini?"

"Niliutundika hapa. Hapa hapa!"

Akatafuta jikoni, akatafuta kwenye nguo chafu, akawauliza pacha. Mama Pacha naye akapiga magoti, akaingiza kichwa uvunguni mwa kitanda kutafuta kitu alichojua hakipo. Huko chini, uso ukiwa vumbini, aliona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Nje honi ya gari ikalia mara ya pili.

"Haya, nitajua huko huko," mumewe akasema, akatoka mbio.

Mama Pacha akashusha pumzi. Atarudishwa, alijiambia. Atakuja amenuna, nitampikia, yataisha.

Siku hiyo Mwalimu alifika mapema. Mama Pacha akaanza kumsuka, lakini vidole vilikuwa vinakosea njia, na nusu ya kichwa haijaisha akayamwaga yote isipokuwa la mkanda. Kwamba amemtolea mumewe. Kwamba imetoka Mnara.

Mwalimu hakumgombeza.

"Uliona nini?"

"Watu wanaanguka."

"Kingine?"

Kingine hakukumbuka. Mwalimu akaomba karata, akaitafuta, akaiweka juu ya taulo. "Hiki hapa juu ni nini? Taji. Mnara umevishwa taji kama mfalme, na ndilo lililong'oka kwanza. Hii ni karata ya kitu kilichojengwa kwa kiburi au kwa uongo, kikakaa kikionekana imara, mpaka siku ukweli unapoingia ghafla. Ina uchungu, sikudanganyi. Lakini karata haijui kwamba mumeo anapanda minara, mwanangu. Anayejua ni wewe."

Mama Pacha akatazama taji lile kwa muda. Hofu ikaanza kumtoka, na ilipomtoka akapata nafasi ya kufikiri, na alipofikiri akaingiwa na nyingine. Akachukua simu. Mafundi huacha simu zao garini wakipanda, kwa hiyo akampigia dereva wa gari la kazini.

"Shemeji, Baba Pacha mmemrudisha?"

"Kumrudisha wapi? Ameshapanda."

"Kapandaje bila mkanda?"

"Kachukua ule wa akiba, wa zamani, uliokuwa kwenye sanduku la vyuma. Msimamizi hayupo leo, na Baba Pacha kasema atawahi kabla upepo haujaanza. Shemeji? Upo?"

Hakuwepo tena. Alishanyakua mfuko wa nywele na kutoka, Mwalimu ameachwa kitini na nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama kama ufagio. Mwenye pikipiki aliambiwa neno moja tu, kilimani. Njia nzima Mama Pacha aliukumbatia mfuko, akiugusa mkanda ndani yake kupitia nywele, na kumwambia Mungu maneno yasiyo na mpangilio.

Alipofika, mumewe alikuwa kileleni, mdogo kama kidole. Upepo ulishaanza. Alifungua mdomo amwite, dereva akamshika mkono.

"Usimwite, Shemeji. Ukimwita mtu aliye juu anageuka."

Basi akafumba mdomo. Alikuwa na kitu ambacho mumewe alikihitaji kuliko kitu chochote duniani, kiko mikononi mwake, na hakuna njia ya kukifikisha. Aliona mkono mmoja wa mumewe ukifanya kazi na mwingine ukirudi kiunoni kila mara, kushika kitu, kukaza kitu. Akiwa na mkanda wake mwenyewe, mkono wa pili hauna kazi hiyo. Akakaa juu ya jiwe, na macho hakuyaondoa juu, utadhani yeye ndiye aliyemshikilia.

Taa ikawaka. Baba Pacha akaanza kushuka, polepole mno, hatua kwa hatua, mpaka buti zikagusa ardhi. Shati lilimganda mgongoni. Kiunoni alikuwa amefunga kamba juu ya mkanda wa akiba. Akamwona mkewe ameushika mkanda wake, nywele bandia zimenasa kwenye vifungo.

"Mkanda ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Niliuficha jana." Akamweleza yote, karata, radi, watu wawili, na vile alivyopiga magoti uvunguni. Dereva akajitia anakagua tairi.

Baba Pacha alifungua ile kamba. Kifungo cha mkanda wa akiba kikaachia chenyewe mbele ya macho yao, bila kuguswa.

"Kimefanya hivi mara mbili nikiwa juu," akasema. Sauti haikuwa ya hasira, na Mama Pacha angeshukuru kama ingekuwa ya hasira. "Katika kazi hii nimeogopa upepo. Nimeogopa radi, nimeogopa mvua, nimeogopa hata nyuki. Wewe sikuwahi kukuogopa."

Palikuwa na waya mmoja juu haujafungwa, ilibidi apande tena, na jua lilikuwa bado lipo. Baba Pacha akaupokea mkanda wake kutoka mikononi mwa mkewe, akatoa zile nywele, kisha akaanza kuukagua. Kifungo kwa kifungo, mshono kwa mshono, akiuvuta, akiugeuza, akiuvuta tena, kama vile kapewa na mtu asiyemjua. Mkewe alisimama mbele yake akimngoja amalize.