Kambale wa Posa ya Saumu

Jambo hili nimelificha kadiri nilivyoweza, lakini Kibiti si mji wa kufichia jambo, na kwa kuwa najua linasimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, na kila mmoja anatia lake, ni afadhali nilisimulie mwenyewe ili aibu yangu niibebe kwa kipimo chake. Niliwalisha wakwe wa mdogo wangu sabuni. Siku ya posa. Sikukusudia, lakini mtu aliyelishwa sabuni haulizi makusudio.

Mdogo wangu anaitwa Saumu. Baba alitangulia, mama akafuata Saumu akiwa bado mdogo, kwa hiyo mimi ndiye niliyemlea, na kwangu ndiko kwao, hapa hapa Kibiti, kwenye nyumba tuliyoijenga mimi kwa kusuka nywele na mume wangu kwa lori lake (siku hiyo alikuwa njiani kwenda Lindi, na mpaka leo anamshukuru Mungu kwa safari ile). Saumu akapata mchumba, kijana mpole wa Maparoni, mkulima wa mpunga, akatuambia wazee wake wanakuja Jumamosi kuleta posa. Nikamwita mjomba wetu kutoka Ruaruke aje akae na wanaume, nikapika pilau la kuku tangu asubuhi, nikatandika mikeka, nikafukiza udi, nikamweka Saumu chumbani na nguo zake mpya. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa, na yangebaki sawa kama nisingefungua mdomo.

Wageni walifika kabla ya adhuhuri. Mama wa kijana, Bi Tatu, mwanamke mrefu wa maneno machache; baba mdogo wa kijana, Mzee Ngwele, ambaye ndiye msemaji wao; na wanawake wengine wa ukoo. Walikuwa wamepanda boti alfajiri mpaka Nyamisati, wakachukua gari kuja huku, na njia nzima wamebeba ndoo yenye kifuniko, ndani yake kambale hai. Walisema maji yanakauka mashambani na kambale wamejazana kwenye madimbwi, wakaona wasije mikono mitupu. Bi Tatu akanikabidhi ile ndoo kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "harufu ya pilau tumeisikia, Mungu akubariki. Lakini hawa ni wa leo. Tukila kitoweo chetu kutoka chungu chako, tutakuwa tumeshaingia nyumbani."

Neno zuri, na lilihitaji jibu zuri, nami nikajibu, "Kambale kwangu si kazi, mama."

Sasa niwaambie ukweli wa kambale na mimi. Niliondoka nyumbani nikiwa msichana kwenda Dar kujifunza ususi, na tangu nirudi, kambale nikimtaka nanunua sokoni aliyekwisha kaushwa kwa moshi, amekunjwa duara, mkia umechomekwa mdomoni, unamloweka, unamtia nazi, mambo yamekwisha. Kambale hai nilikuwa sijawahi hata kumshika. Bi Tatu aliuliza kama aje jikoni anisaidie, nami nikakataa kabisa, nikasema mgeni hashiki kisu kwangu. (Heshima ilikuwa inasema hivyo. Na hofu pia ilikuwa inasema hivyo.)

Nikafunga mlango wa jikoni, nikafunua ndoo. Wa kwanza aliruka hata sijamgusa, akaanguka kwenye vigae (vigae vipya, nilikuwa najivunia vigae vile), akaanza kwenda kama nyoka aliyevaa ndevu, akaingia chini ya kabati, nami nikapiga magoti na kanga yangu nzuri nikimvuta, anateleza, nikimvuta, anateleza, mwiba wa pezi ukanichoma kiganja, na mwishowe nilimpata kwa mchi wa kinu. Wenzake nao vivyo hivyo. Ilikuwa inasikika sebuleni, najua, kwa sababu mjomba alikohoa kwa sauti na kuanza kuuliza habari za mpunga.

Wakafa. Nikawapasua, nikatoa matumbo, nikawachanja mbavuni ili viungo viingie. Ndipo nikakutana na ule ute. Jamani, kambale ana ute ambao ukiutoa unaongezeka. Nilijua dawa yake ni majivu, hilo nililiona kwa bibi yetu utotoni: unampaka majivu, unamsugua, unamsuuza, anakuwa mkavu kama samaki wengine. Ila nyumbani kwangu majivu hakuna. Napikia gesi. Majivu yalikuwepo jirani, kwa Mama Zuhura, hatua chache tu, anapikia kuni na jiko lake halizimi. Lakini Mama Zuhura nilikuwa nimeshamwambia, mbele ya watu, kwamba moshi wake unanichafulia mapazia, na tangu hapo tulikuwa tunasalimiana kwa kuinua kidevu. Ningekwenda na bakuli nikamwambie nini, niombe majivu ya moshi ule ule?

Nikaangalia pembeni, nikaona sabuni ya unga.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi: sabuni inatoa mafuta kwenye sufuria, itashindwaje na ute wa samaki? Nikachukua beseni, nikapiga povu, nikawatumbukiza, nami nikaenda kukuna nazi. Walikaa humo muda wa nazi mbili, na ile mikato niliyowachanja iko wazi. Kuwasuuza niliwasuuza, maji mengi, mpaka povu likaisha kwa nje. Kwa ndani sikuwa na habari nako.

Tui lilipochemka likafanya povu, nikajiambia ni tui. Nikalitoa kwa upawa, likarudi, nikalitoa tena. Nilionja, ulimi ukahisi uchungu fulani na harufu kama ya maua, nikakamua ndimu, haukutoka, nikaongeza ndimu na pilipili. Nikapakua.

Wanaume walikula barazani, sisi wanawake sebuleni. Mwanzoni palikuwa na mazungumzo, halafu pakawa na ukimya, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni utamu. Kwa mlango nilimwona Mzee Ngwele akinywa mchuzi, akasita kidogo, akatazama dari, akanywa tena, maana mtu aliyekuja kuomba mke atafanyaje? Nimekuja kuelewa kwamba adabu ya watu wale ndiyo iliyowaumiza, maana wakosa adabu wangetema tonge la kwanza. Kisha mmoja wa wale wanawake akaomba maji, akanywa, na alipoteremsha glasi, pembeni mwa mdomo wake palikuwa na kitone cha povu. Akakifuta kwa ncha ya mtandio. Nikakiona, nikarudisha tonge langu sahanini.

Baada ya hapo sina haja ya kueleza kwa urefu. Choo changu ni kimoja. Alikwenda wa kwanza, akaondoka wa pili kabla wa kwanza hajarudi, na mjomba, ambaye hakujua habari za moshi na mapazia, alipoona Mzee Ngwele amesimama uani ameshika kopo na jasho linamtoka, akamshika mkono akampeleka kwa Mama Zuhura. Hivyo Mama Zuhura akajua. Akaja mwenyewe, ameshika chupa ya chai ya tangawizi, akaanza kuwamiminia wageni wangu mmoja mmoja, bila kunitazama.

Mzee Ngwele alirudi, akakaa. Mjomba akaomba radhi, akasema pengine ni maji ya bomba. Wote wakanitazama mimi mwenye chungu. Na hapa ndipo penyewe, maana sabuni ilikuwa ajali, lakini hili nililisema kwa akili zangu timamu. Nikasema, "Labda hao kambale wamekaa sana njiani."

Mzee Ngwele akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Mama," akasema Mzee Ngwele, taratibu, "samaki aliyekaa sana njiani hupigwa mchi? Tumekusikia unapigana nao." Akachukua kofia yake gotini akaivaa. "Basi sisi tumekuja na sumu. Mambo ya posa yasubiri."

Watu wakaanza kukusanya vilemba na mikoba. Mlango wa chumbani ukafunguka, akatoka Saumu, jambo ambalo binti anayeposwa halifanyi, kichwa kiko wazi na wanja umeshamwagika. Kumbe sisi tulipokuwa tunakula alipenya jikoni kuchukua maji ya kunawa, akakuta beseni na ile pakiti ya sabuni. Hakuwatazama wageni, alinitazama mimi.

"Dada," akasema, "waambie."

Nikawaambia. Majivu, gesi, beseni, nazi mbili, yote, mbele ya mjomba na mbele ya Mama Zuhura, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine anayesoma tangazo.

Bi Tatu akafikiri. "Sabuni ya kufulia?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ya unga au ya kipande?"

"Ya unga."

Akatikisa kichwa. "Ya kipande ingekuwa afadhali."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. Hakucheka, na Mzee Ngwele hakucheka. Mzee alisema watazungumza wakifika nyumbani, wakaaga kwa heshima zote, wakaenda kutafuta gari. Mama Zuhura akachukua chupa yake. Alipofika mlangoni akaniambia kwamba majivu hayauzwi, akaenda zake.

Siku zilizofuata Saumu alinipikia, alinifulia, hakunisemesha. Habari ilikuwa imeshafika stendi kabla wageni hawajafika Nyamisati, na saluni wateja wakawa wananiuliza, kwa upole kabisa, kama nywele zao nitaziosha na sabuni au na ndimu na pilipili. Nilijibu hivyo hivyo kwa upole. Usiku nilikuwa nalia kwa sababu nyingine: niliona nimemlea mtoto miaka yote ile ili nije nimvunjie nyumba kwa sentensi moja.

Halafu Bi Tatu akampigia simu mjomba. Ujumbe ulikuwa mfupi kama mwenyewe. Alisema posa wameiacha palepale, hawakuiondoa, na kwamba yule binti aliyetoka chumbani akasema "waambie" ndiye wanayemtaka.

Walioana baada ya mavuno. Kule Maparoni wanawake wa pande zote mbili waligawana kazi, na mimi, dada wa bibi harusi, nilipewa kazi ya kupanga viti, nikapanga viti, vizuri sana. Siku hizi kitu nisichokijua nasema sikijui, hata kiwe kidogo kiasi gani, hata mbele ya mkwe. Na Saumu alipokaribia kujifungua alinipigia simu akaniomba niende nimwangalie, nimuogeshe mtoto, nimsuke, nimfulie. Nikamuuliza na kupika je.

"Njoo tu dada," akasema. "Kupika atapika mama mkwe."