Mbao Zilizofunikwa na Majani

Fundi alikuwa mwoga, na hakuona haya kulisema. Maisha yake yote alikuwa akishona sare za shule katika chumba chenye dirisha moja, na mumewe alimtania kwamba hata akikatiza sebuleni hutazama kulia na kushoto kwanza. Yeye humjibu: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Shule zilipofungwa na kazi ikapungua, wifi yake alimwita shamba akapumzike. Wifi huyo, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa nesi mstaafu, mjane, mwenye miguu isiyochoka na mdomo usiopoa. Asubuhi moja baada ya chai akamwambia, "Twende nikakuonyeshe machimbo ya zamani. Utaota ukungu humu ndani."

"Hakuna nyoka?"

"Wapo. Lakini nao wana shughuli zao."

Jengo la mitambo lilikuwa limebaki kuta tu. Reli za vigari vya mawe zilikuwa zimemezwa na majani. Katika chumba cha kubadilishia nguo, misumari ya kutundikia makoti bado ilikuwa ukutani, na kwenye mmojawapo ulining'inia mkanda mkavu kama ubao. Upepo ulipopita kwenye bomba lililokatika, ukatoa sauti ya mtu anayeguna. Nywele zikamsimama Fundi.

"Wifi, turudi."

"Tumalizie hapo mbele," alisema wifi, akageuka kumcheka huku anatembea.

Mbao zilizoziba shimo la zamani zikalia chini ya majani, zikavunjika. Wifi akazama mpaka kwapani.

Alibaki ametandaza mikono juu ya nyasi, macho yamemtoka pima. Mawe yakaporomoka chini yake. Fundi akasubiri yatue, akasubiri, mpaka akasikia maji yakiyapokea, mbali sana.

"Usije!" wifi akanong'ona.

"Siji," alisema Fundi, na alikuwa anasema kweli. Miguu yake ilikuwa imekwisha kurudi nyuma, hatua baada ya hatua. Kisha akaanguka kifudifudi. Alipokuwa amelala hivyo aliona kwamba ardhi haikulia chini yake kama zilivyolia zile mbao. Akaanza kutambaa, akiburuta shuka walilochukua la kukalia. Ncha moja akaifunga kwenye reli. Ya pili akaipitisha chini ya kwapa za wifi, akakaza fundo.

"Usiniachie, mdogo wangu."

"Nitakuachiaje? Naogopa hata kukunjua vidole."

Mmoja akavuta, mwingine akajisukuma kwa viwiko. Kiatu kimoja kikabaki shimoni. Wakatambaa mpaka barabarani, na hata huko Fundi alikataa kusimama.

Nyumbani, wifi aliyesafisha vidonda vya watu miaka nenda miaka rudi alishindwa kushika pamba. Fundi akamwosha muundi mmoja uliochunika, taratibu.

Mwisho wifi akauliza, "Hivi, hukuwaza kukimbia?"

"Nilikuwa nimeshaanza."

Wifi akausogeza mguu wa pili.

"Haya. Na huu."