Siku Fundi Koki Alipojitia Hamnazo

Fundi Koki alifanya kazi idara ya maji ya mji wao kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote alimwonea gere mtu mmoja tu: mdogo wake wa kike, wa tumbo moja.

Mdogo wake alitoka chuo akaajiriwa idara hiyohiyo, akapewa ofisi yenye kiyoyozi na kompyuta nne. Watu wakamwita Injinia. Tangu aje, pampu ziliwashwa kwa kubofya, na koki kubwa za chini ya ardhi zikawekewa mota, zikawa zinafunguka zenyewe. Fundi Koki, aliyezizungusha kwa mikono mpaka viganja vikaota sugu, akabaki kufyeka majani yanayoota kwenye mifuniko ya chemba.

Kilichomchoma hasa ni mama yao. Mama alikaa kwake, akala kwake, akauguzwa na mkewe. Lakini mgeni akiingia, hata hajakaa, mama anaanza: "Binti yangu bwana! Mji mzima anaufungulia maji kwa kidole." Fundi Koki hugeukia dirishani kama anayetafuta kitu.

Jumanne moja asubuhi, kompyuta zote nne zikawa nyeusi, ukabaki mstari mmoja wa maandishi ya lugha ambayo ofisini hakuna aliyeijua. Pampu zikanyamaza. Koki ya tangi la mlimani, na tangi lenyewe limejaa pomoni, ikajifunga. Saa hiyohiyo benki zikafunga milango, taa za kuongozea magari zikazimika, simu zikawa hazishiki. Baadaye ilijulikana kwamba ni wadukuzi waliotumwa na serikali ya mbali huko, wakauangusha mji ambao hawajawahi kuukanyaga.

Injinia alimfuata kaka yake stoo kwa miguu, anahema.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Mitambo imeshikwa. Koki ya mlimani haifunguki, na ile mota imeibana, hata kwa mkono haizunguki. Hivi hakuna njia nyingine ya kutoa maji tangini?"

Ilikuwepo. Nyuma ya tangi, chini ya majani, palikuwa na bomba la pembeni la zamani lenye koki ya mkono. Kwenye ramani ya kompyuta halikuwemo, kwa sababu wachora ramani walipokuja hakuna aliyemwuliza Fundi Koki kitu.

"Waulize hao waliokuchorea ramani," akasema, huku ananoa fyekeo lake.

Injinia alimtazama kidogo. "Haya, kaka," akasema, akaenda zake.

Fundi Koki akapiga mluzi. Acha kidole kifungue maji sasa! Akatoka kutembea mjini kwa raha zake, akaangalia foleni za ndoo zinavyorefuka. Muuguzi wa zahanati, kashika dumu huku na dumu huku, akamsimamisha.

"Fundi, maji yanatoka lini? Nina wazazi wawili wodini, uchungu umeshawashika."

"Mwulizeni Injinia."

Neno lile la wodini lilimgonga kifuani, hakatai. Lakini wivu ulikuwa umekaa mbele, ukakataa kupisha.

Mchana akarudi nyumbani. Akamkuta mkewe anasuuza masufuria kwa kikombe kimoja cha maji, na mama kaketi kando anamliwaza.

"Usihangaike, mkwe wangu. Binti yangu atayafungua tu. Yule hashindwi."

"Na mimi je, mama?" Fundi Koki akauliza.

Mama akamshangaa, bila ubaya wowote. "Wewe? Wewe si wa majani?"

Hakugusa chakula. Alichukua spana yake kubwa, akaukabili mlima. Na tuseme ukweli, hakupanda kwa kuwahurumia wazazi wa wodini. Alipanda ili yasije yakafunguliwa na yule.

Kumbe yule alishafika. Viatu vya ofisini amevivua, magoti yamejaa matope, majani ameyakata ovyo kwa kisu, na kifuniko cha chemba kiko wazi. Pembeni yake lilikuwa daftari la zamu la zamani, lenye mwandiko wa Fundi Koki mwenyewe ukilitaja bomba lile. Ameipata bila kuambiwa! Hata hii pia! Fundi Koki akasimama, akamtazama anavyolisukuma gurudumu la koki kushoto, kiganja kimechubuka na damu inachuruzika. Koki ile ilitengenezwa kinyume. Dada wa watu alikuwa anaikaza.

Alimwacha aikaze kwa muda, muda ambao hadi leo hapendi kuutaja.

"Zungusha kulia," akasema mwishowe.

Injinia hakuinua uso. "Nishikie upande huo."

Wakazungusha pamoja, mizunguko thelathini na kitu, mpaka bomba likanguruma chini ya miguu yao.

Kompyuta zilikaa siku tisa bila kupona. Siku zote hizo ndugu wawili walizunguka chemba moja hadi nyingine, kaka akifungua na kufunga ili maji ya tangi yagawike mtaa kwa mtaa, dada akiandika. Siku ya sita, wameketi juu ya kifuniko wanapumzika, Fundi Koki akatamka:

"Asubuhi ile nilikuwa najua."

"Nilijua unajua. Uso wako naujua." Akalifunga daftari. "Wale watoto wawili wa zahanati walizaliwa kwa maji ya madumu, kaka. Wazima. Wangekufa, leo tusingeketi hapa."

Fundi Koki akainama, akakwangua kutu kwenye spana yake.

"Na mimi nakuonea gere vilevile," Injinia akaongeza.

"Mimi! Kwa lipi?"

"Mama. Akija kwangu ni wewe tu, kaka yako hivi, kaka yako vile, kaka yako ndiye anayenitunza. Na kulala kwangu hataki hata siku moja."

Fundi Koki akacheka mpaka akakohoa.

Mitambo iliporudi, koki zote za mkono ziliingizwa kwenye ramani, naye akakaa kitini ofisini kuelekeza kila moja ilipo. Gazeti likatoa habari ile kwa picha ya Injinia peke yake. Mama akaikata, akataka ibandikwe ukutani sebuleni. Fundi Koki aliitazama kwa kitambo, roho ikimuuma vilevile, kisha akaenda kutafuta msumari.