Mshumaa wa Komunyo Yetu

Nta ya nyuki ikipashwa moto hunuka asali, moshi na majani makavu, vyote kwa pamoja. Hapa Beni kuna mama anayeiyeyusha nyuma ya duka lake, na mimi nikipita pale huvuka barabara. Wenzangu hudhani naogopa nyuki. Acha niwaambie ninyi ukweli wake.

Mwaka niliopokea komunyo ya kwanza tulikuwa tunakaa Butembo. Vita vilikuwa vimeshaingia mjini, vikatoka, vikarudi, kila mara na sare nyingine. Ndege zilishuka kwenye uwanja wa Rughenda na sisi watoto tulijifunza kutouliza zimeleta nini. Lakini katekisimu haikusimama. Mama Katungu, mkatekista wetu, alikuwa muuza viazi mwenye sauti nene na viganja vilivyopasuka kwa udongo, na hakuna askari aliyemfanya afunge mlango wa kikanisa.

Ni yeye aliyesema tutengeneze mshumaa mmoja wa sisi wote, ukumbusho wa siku ile. Kila mtoto alitafuta alichoweza. Wengi tulileta vipande vya mishumaa vilivyobaki nyumbani, vyeusi kwa masizi. Paluku, mtoto wa mama mkubwa wangu, alileta bonge la nta kutoka mizinga ya babu yake kule Masereka, akalibeba kichwani kama mfalme aliyejivika taji mwenyewe. Njia nzima alikuwa akilimegua na kulitafuna, na meno yake yalifika yamegandana.

Tuliyeyusha nta kwenye sufuria kuukuu, juu ya kuni za mkaratusi. Mama Katungu akaimimina ndani ya kipande cha mwanzi, katikati kukiwa na utambi wa taa. Ilipoanza kuganda aliupasua mwanzi, na mshumaa ukatoka, mnene kama mkono wa mtu mzima, rangi ya chai ya maziwa. Kisha kila mmoja akabonyeza kidole chake katika nta ile yenye uvuguvugu. Paluku alibonyeza gumba kwa nguvu mpaka likazama lote, akaungua, akaruka akipiga kelele, nasi tukacheka mpaka tukakaa chini.

"Batoto, musikie," Mama Katungu alisema akijifuta machozi ya kicheko. "Hii buji haiko ya kumaliza siku moja. Kila mwaka, siku ya komunyo yenu, tutaiwasha kidogo, tutaomba, tutaizima. Mutakuwa bazee, nayo itakuwa ingali."

Tulimwamini. Mtoto akiambiwa atazeeka, hana sababu ya kubisha.

Komunyo ilipita vizuri. Tulivaa nguo nyeupe za kuazima, tukala wali na nyama, mshumaa ukawaka wakati wa sala moja tu. Wiki chache baadaye Paluku alifuatana na mama yake sokoni Alimbongo kununua vitunguu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walitaka watu wa kuwabebea masanduku, wakamshika yeye bega. Alijinasua akakimbia. Alikuwa na mbio sana, Paluku, na hakufika mbali. Mama yake alimrudisha juu ya baiskeli ya mbao ya mizigo, chukudu ya mtu asiyemjua, wakiisukuma wote wawili kila kilima, na hakuna aliyethubutu kuuliza ni askari wa upande gani. Mpaka leo sijui. Siku zile hata jina la aliyekuua lilikuwa hatari kwa waliobaki.

Asubuhi ya maziko, mama yake alimwendea Mama Katungu. Aliongea polepole, kama anayeomba chumvi kwa jirani.

"Katungu, nipe ile buji ya batoto. Mwana wangu asiende mu giza."

Mama Katungu alikwenda kikanisani, akarudi nao, akauwasha kichwani pa jeneza. Tulikaa chini tukiutazama. Nta ile chafu iliwaka haraka, ikitoa cheche. Alama za vidole vyetu zilianza kulainika, zikatiririka moja baada ya nyingine. Niliona yangu ikiondoka. Tulipotoka kwenda makaburini ulibaki mfupi, na Mama Katungu akaubeba, akiukinga upepo kwa kitenge chake, akausimika kwenye udongo mbichi.

Nilimvuta nguo. "Mama Katungu, tuizime basi. Tubakize ya mwaka ujao."

"Acha iishe, Kahindo."

"Lakini ulisema..."

"Ninajua kile nilisema." Hakunitazama. "Acha iishe, mwanangu."

Ukaisha. Nilimchukia. Niliona ametudanganya, ametuchomea kitu chetu chote kwa siku moja, na kwa miaka nilimpita barabarani bila kumwamkia, naye hakunigombeza hata mara moja.

Mwaka uliofuata siku yetu ilipofika, wawili kati ya wavulana walikuwa wamevaa sare wao wenyewe, wakiburuza bunduki ndefu kuliko miguu yao. Wengine walikuwa wamevuka mpaka pale Kasindi na wazazi wao, hawakurudi. Masika, aliyeketi kando yangu kikanisani, alikuwa amekufa kwa homa, maana dawa hazikuwa zikipita barabarani. Kama mshumaa ungekuwepo, tungesimama mbele yake wachache, tukizitazama alama za wale wasiokuwepo, na mwaka mwingine tungesimama wachache zaidi. Yule muuza viazi aliliona hilo mbele ya jeneza moja tu. Sisi aliturudisha nyumbani na hasira, nayo hasira inabebeka.

Binti yangu anajiandaa kupokea komunyo mwaka huu. Wazazi wenzangu walikuja kwangu wakitaka watoto washone pamoja kitambaa kikubwa, kila mtoto jina lake, kitundikwe kanisani. Niliwaambia vitambaa viwe vidogo, kila mtoto achukue chake nyumbani. Waliniona mbinafsi.