Nilivyowaambia watoto wa Ruvu kwamba ulimwengu umevimba

Pwa.

Kimya kidogo. Kisha tena: pwa, pwa, na kitu kama mtu anayevuta pumzi kwa kupitia meno.

Nilikuwa nimetoka kwenye jua la saa nane mchana, macho yamejaa mwanga, nikaingia chumba chenye dirisha dogo kama daftari. Sikuona kitu. Nilisikia tu hiyo sauti, chini, karibu na miguu yangu. Nikauliza, "Nani yupo?" Hakuna aliyejibu. Pwa.

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo. Humu jukwaani mimi ni mgeni, ila duniani si mgeni, nimeshapita tisini. Nachapa mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo herufi ikiruka mniwie radhi.

Nimesoma ule uzi wenu mrefu mnaogombania mwanzo wa ulimwengu. Huyu Big Bang, yule hakuna Big Bang, na matusi juu yake. Nikasema nami nilete changu. Sitatia chumvi. Majina tu nimebadilisha, maana wajukuu wa hao watu wapo, na pengine wapo humu humu wanasoma.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, enzi za Mwingereza. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka kwetu Kisarawe, nimepangiwa kufundisha darasa la nne kwenye shule ndogo ya misheni karibu na stesheni ya Ruvu. Mchana mwalimu, jioni mwandishi. Nilikuwa naandika riwaya kwenye madaftari ya shule, riwaya yenye mapenzi mengi kuliko niliyokuwa nayajua. Niliamini nikipata neno sahihi, dunia nzima itanielewa.

Kumbukeni hilo la neno sahihi.

Chumba nilipanga kwa Bi Zaituni, mjane, Mwislamu wa pale pale, muuza vitumbua. Treni ya bara ikipunguza mwendo, abiria walikuwa wanatoa vichwa madirishani kumtafuta yeye kabla hata stesheni haijaonekana.

Ile sauti niliyoisikia siku ya kwanza ilikuwa ya chungu chake. Mchele umelowekwa, umetwangwa, umetiwa tui na chachu, umefunikwa kitambaa, unatokota polepole bila moto. Nilipomwambia nilidhani kuna mtu, alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Mwalimu mzima unamwogopa kitumbua!"

Chungu kile alikuwa haoshi. Kila siku anabakiza upawa mmoja chini, na huo upawa ndio unaamsha unga wa kesho.

"Chachu hii nilipewa na mama mkwe wangu, Magindu, siku naolewa," aliniambia. "Naye alipewa na mama mkwe wake."

"Na ya kwanza kabisa, Bi Zaituni, ilitoka wapi?"

"Ya kwanza ipi, mwanangu? Hakuna ya kwanza. Ipo tu."

Nilitabasamu kama kijana aliyesoma anavyotabasamu akisikia mambo ya wazee. Naona haya mpaka leo.

Sasa, stesheni masta alikuwa na tabia ya kuniwekea magazeti ya Kiingereza yaliyoachwa kwenye behewa la daraja la kwanza. Jumamosi moja nikakuta humo makala kuhusu ulimwengu. Nilisoma nimesimama, jua linanichoma kisogo, sihisi.

Makala ilisema mafungu ya nyota yanakimbiana. Kila fungu liko mbali na jingine kuliko jana. Wapo wataalamu wanaosema basi zamani vyote vilikuwa donge moja, likapasuka, na huo ndio mwanzo. Lakini wapo wengine, na hao ndio walioniibia moyo, wanaosema hapana, hakukuwa na donge wala mwanzo. Nyota zikiachana, mahali palipobaki wazi panazaliwa vitu vipya, kidogo kidogo mno, hata jicho lisione. Kwa hiyo ulimwengu unakua lakini sura yake ni ile ile, jana na kesho.

Najua, wakuu. Wajuzi wengi wa leo wamewaacha hao. Msinirukie bado.

Jumatatu niliingia darasani nimebeba gazeti kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nikataka kuwaambia watoto kwa Kiswahili kwamba ulimwengu unakua kwa ndani, kila sehemu yake, kwa pamoja. Nitumie neno gani? Kupanuka? Barabara ndiyo inapanuka. Kutanuka? Wavulana wa nyuma wangecheka. Nikashika chaki, nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa:

ULIMWENGU UMEVIMBA.

Nikawasimulia na habari ya lile donge. Binti mmoja, Kristina, mwerupu wa kuuliza, akanyoosha mkono. Samahani, mwepesi wa kuuliza. Kidole hicho.

"Mwalimu, kama zamani ulikuwa donge moja, donge lenyewe lilikuwa limewekwa wapi?"

Nikamwambia, "Sijui, Kristina. Na wataalamu nao hawajui. Endelea kuuliza." Sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile.

Lakini watoto walikwenda nyumbani na lile neno. Na kwa watu wetu ulimwengu ni nini? Ni dunia hii hii. Na kitu kikivimba kina nini? Kina ugonjwa. Kikizidi?

Kesho yake asubuhi nilimkuta Mzee Kibwana, mkulima, amekaa kwenye ngazi ya shule na jembe lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu, nasikia dunia imevimba."

"Mzee, siyo..."

"Upande gani?"

"Haina upande, mzee."

"Imevimba yote! Haya. Basi niambie, mihogo nipande au nisubiri kwanza ipasuke?"

Kufika mchana habari ilikuwa imevuka mto. Mama mmoja alichinja mbuzi wake, akasema heri kumla kuliko kumwachia mpasuko.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Tobias, aliniita. Mtu mkimya, mwenye watoto saba, aliyenipenda kama mdogo wake. Akafunga daftari lake polepole.

"Padri anakuja Ijumaa, na wazazi wataitwa. Ukijibu vizuri, unabaki. Ukijibu vibaya, kazi huna. Mimi sitaweza kukukinga."

Wakuu, kazi ile ilikuwa kila kitu changu. Mama yangu Kisarawe alikuwa ananitaja sokoni kwa cheo: "Mwanangu Mwalimu." Na nilikuwa napenda kufundisha kuliko hata kuandika.

Nilirudi chumbani sina amani. Bi Zaituni alikuwa amekwenda msibani Magindu. Mikono yangu ilitaka kazi ya kufanya. Misheni tulifundishwa kwamba chombo kichafu ni roho chafu. Nikaona nimfanyie mama wa watu wema.

Nikakiosha kile chungu.

Nilikisugua kwa majivu na mchanga, ndani nje, nikakianika juani kikang'aa. Nilijisifu.

Bi Zaituni alirudi magharibi inakaribia. Alikiona toka mbali. Hakupiga kelele. Alikaa chini uani na nguo zake za msiba, akakipakata.

"Nani ameosha?"

"Mimi, Bi Zaituni. Nilitaka kukusaidia."

"Umeniulia mama mkwe, Mwalimu. Leo nimetoka kumzika dada yake, na wewe umemzika mwenyewe."

Sikula. Yeye hakula. Lakini asubuhi nilimkuta ameloweka mchele. Akautwanga, akautia maji, akaufunika kitambaa, akauacha. Hakutia chachu, maana haikuwepo. "Tuone," alisema, na siku nzima hakuniongelesha tena. Jumatano hakuna kitu. Treni ilipita, abiria walitoa vichwa, Bi Zaituni hayupo. Alhamisi vivyo hivyo. Nami nilikuwa nakaa juu ya kitanda nikiandika majibu ya kumpa Padri, nayachana.

Ijumaa asubuhi nikiwa nafunga vifungo vya shati, nikasikia.

Pwa.

Nilitoka mbio. Bi Zaituni alikuwa ameinama juu ya chungu, kitambaa mkononi, macho yamemtoka.

"Mwalimu! Unga umeumuka! Hakuna mtu aliyetia kitu, umeumuka wenyewe!"

Wakuu, nilisimama pale na kifungo kimoja wazi. Kuumuka. Nililitafuta neno hilo kwenye kamusi ya Mzungu wakati linatamkwa kila siku hatua tatu kutoka kitandani kwangu.

"Bi Zaituni, ukisema kitu kimevimba, na ukisema kimeumuka, tofauti yake nini?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza tofauti ya usingizi na kifo. "Kuvimba ni ugonjwa, mwanangu. Kuumuka ni chakula."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, si kwa kunisemesha mimi: "Kumbe haikumhitaji mama mkwe. Ilikuwepo hewani siku zote."

Mkutano ulikuwa darasani kwangu. Padri, Mzungu mwenye ndevu na Kiswahili kizuri kuliko changu, alikaa mbele. Wazazi walijaa madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Bi Zaituni naye alikuja, chungu kichwani, akakaa karibu na mlango bila kualikwa.

Nikasimama. "Wazee wangu, nilikosea neno. Ulimwengu haukuvimba. Ulimwengu unaumuka."

Mzee Kibwana akanyoosha shingo. "Unaumuka kama kitumbua?"

"Kama unga wa kitumbua, mzee."

"Aa! Sasa si ungesema toka Jumatatu! Mimi nimelaza mbegu ya mihogo siku nne!"

Darasa zima lilicheka. Yule mama wa mbuzi alicheka mpaka akalia, halafu nadhani akalia kweli. Mwalimu Tobias alipumua. Nilijua nimepona.

Padri naye alicheka. Kisha akauliza, taratibu: "Vizuri sana, Mwalimu. Na chachu aliitia nani?"

Nikamjibu:

"Padri, wapo wanaosema ilitiwa mara moja, mwanzoni. Wapo wanaosema haina mwanzo, inaongezeka kila siku. Mimi sijui."

"Wewe ni mwalimu. Mtoto akikuuliza kilichokuwepo kabla ya mwanzo, utamjibu hujui?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka mlangoni.

"Padri, samahani. Mungu anashindwa nini kutia chachu kila siku? Mbona mnataka atie mara moja tu, halafu akapumzike?"

Watu waliguna. Padri alimwangalia Bi Zaituni kwa muda mrefu, naapa niliona amependezwa. Lakini alikuwa na karatasi yake. Ilisema nitafundisha kilichomo kitabuni tu, na mtoto akiuliza habari za mwanzo, nitajibu kwamba jambo hilo linajulikana, lisiulizwe tena.

Mwalimu Tobias akaninong'oneza, "Mdogo wangu, weka jina tu. Ni wino."

Nilishika kalamu. Niliangalia ubaoni. Katika maswali yote niliyowahi kuulizwa na watu wenye vyeo, hakuna lililonikaa kama lile la Kristina, la donge limewekwa wapi. Kama ningeweka jina, ningekuwa nimemwosha yule mtoto kama nilivyokiosha chungu.

Nikairudisha kalamu.

Padri hakukasirika. Alisema, "Pole, Mwalimu," na alimaanisha.

Sikufundisha tena darasani maisha yangu yote. Nilikuwa karani, nikawa mkulima, nikaandika hadithi ambazo nyingine zilichapwa. Mtaji wa mawazo yangu umebaki ule ule wa Ruvu. Mimi nadhani, na ni dhana tu ya mzee, kwamba ulimwengu huu ni chungu kilichokombwa. Kulikuwa na mwingine kabla yake, ukaisha, ukabaki upawa mmoja chini. Huo mnaouita mwanzo ni siku kitambaa kilipofunikwa tena. Na hata akitokea mwenye wema wa kijinga akaosha kila kitu, hewani imo. Wataalamu watanicheka. Sawa.

Nilichojifunza: wazo likikataliwa, kagua kwanza neno ulilolivisha. Na "sijui" iliyosemwa mbele ya mtoto haijawahi kumuua mtu, ingawa mimi ilinigharimu.

Haya, uwanja ni wenu. Ninyi mnadhani donge lilikuwa limewekwa wapi? Nijibuni bila matusi, macho yangu hayana nguvu za kusoma matusi.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameniuliza kwa ujumbe niliondokaje Ruvu.

Niliondoka Jumapili asubuhi, sanduku moja. Bi Zaituni alinipa kopo la samli limefunikwa kitambaa na kufungwa kwa ukindu. Chachu mpya.

"Usilibane, linapumua. Mpe mama yako. Akiuliza imetoka wapi?"

"Nitamwambia ipo tu."

"Muongo. Mwambie imetoka kwa Zaituni."

Chachu ile iliishi kwetu Kisarawe miaka mingi. Mama alimpa mke wangu, mke wangu akampa mkwe wetu, na mkwe wetu, binti msafi, msomi, siku moja akakiosha chungu. Alipoona uso wangu aliogopa. Nikamwambia usijali mwanangu, loweka mchele, tusubiri.

Lakini mlikuwa mnauliza Jumapili ile. Treni ilikuwa imeshapiga honi ng'ambo ya daraja. Nilisema kwaheri mara mbili, yeye akaitikia mara moja. Nikashika njia ya stesheni, kopo nimelikumbatia kifuani, na ndani yake pwa, kimya, pwa. Nilitaka kugeuka nimwambie kitu, bado nilikuwa natafuta neno sahihi, nikasikia mlango wa Bi Zaituni unafungwa nyuma yangu.