Alama ya Kujumlisha Niliyoipiga Marufuku

Acheni nisimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wale wa karashani, kwenye mashine za kusaga mawe, maana wao wameshatia chumvi mpaka inasemekana nilivua kiatu nimpige mwanafunzi, na kiatu sikuvua. Mengine yote ni kweli na aibu ni yangu.

Hapa Nyakunguru nilikuwa nafundisha vijana tisa kompyuta kwenye ukumbi wa kanisa, mashine tatu tu, kwa kujitolea, na nikitoka hapo naenda kuponda mawe ya dhahabu na mtoto mgongoni (vumbi la karasha limempa kikohozi kisichoisha). Sasa nikaambiwa afisa wa elimu anatoka mjini Mugumu kuja kutazama somo moja, akiridhika nitaajiriwa kufundisha kulekule, mbali na vumbi.

Nikatunga zoezi la kumshangaza: andika programu ya kujumlisha namba mbili, lakini alama ya kujumlisha ni marufuku. Ukimnyima mwanafunzi njia rahisi, analazimika kufikiri, na hapo sikukosea. Nilikosea pale nilipoona uvivu kusoma kazi tisa kwa macho, nikaandika programu nyingine ya kukagua: ipekue kazi nzima, ikiikuta alama ile popote, ikatae. Popote! Neno hilo ndilo lililonimaliza.

Afisa akaja, mama wa makamo mwenye miwani, nikamwamkia shikamoo mara mbili (ya pili iliponyoka yenyewe). Bhoke, msichana mkali kuliko wote darasani, akamaliza wa kwanza, akabonyeza, kioo kikaandika kwa wekundu: UMETUMIA ALAMA ILIYOKATAZWA. Wa pili, nyekundu. Wa tatu, nyekundu. Mtoto anakohoa mgongoni, afisa anaandika sijui nini kwenye daftari, jasho linanitiririka, na mimi badala ya kutazama kazi zenyewe nikawaka.

"Bhoke, umeiba! Umetumia njia ya mkato halafu umewagawia wenzako! Mwizi!"

Ndugu zangu, huku kwenye mawe mtu hapazi sauti kusema mwizi. Karasha la jirani likazimwa, na kabla sijafunga mdomo wanaume sita wako mlangoni na nyundo zao.

"Yuko wapi?"

Bhoke alikuwa ameshajibanza nyuma ya afisa. Nikaruka nikaziba mlango kwa mikono miwili, mtoto analia, nami napiga kelele, "Hakuna mwizi! Ni alama tu! Ameiba alama!"

"Alama?" mmoja akauliza. "Hiyo nayo inanunuliwa wapi?"

Afisa akavua miwani. "Mwalimu, hebu andika jibu lako wewe."

Nikaandika: namba ya kwanza, toa hasi ya namba ya pili, maana ukitoa hasi umejumlisha (hiyo ni hesabu ya sekondari, haihitaji uchawi). Nikabonyeza. Nyekundu.

Bhoke akachungulia begani kwangu. Akasema polepole, "Mwalimu, mstari wa kwanza."

Mstari wa kwanza niliwalazimisha mimi: jina na namba ya simu, na kwa kuwa nusu yao wana laini za Kenya, nikaamuru kila mtu aanze na namba ya nchi, +255 au +254. Alama yangu ya marufuku hiyo hapo, mbele ya simu yangu mwenyewe.

"Mura!" mmoja wa wale wa nyundo akamwita kijana mwenzake. "Mwalimu kajiibia!" Walicheka mpaka wakaketi chini.

Nilimwomba Bhoke msamaha mbele ya wote. Jibu lake la zoezi lilikuwa lilelile langu, ila fupi zaidi. Afisa akamchukua yeye kwenda kufundisha Mugumu, na sina wa kumlaumu, ingawa hasira ninazo, tena za kutosha.

Siku hizi Bhoke hunipigia kuuliza hali ya mtoto. Namba yake sijaihifadhi kwa jina, makusudi, ili kila anapopiga nikione kile kimsalaba kimetangulia mbele. Kukataza nitakataza tena, lakini kwanza napekua kwangu. Na neno mwizi, hata kuku akiibwa, nitanong'ona.