Dakika Tatu za Kuitetea Nyumba

Barua ya halmashauri ilikaa mezani siku nne kabla sijathubutu kuisoma hadi mwisho. Naogopa barua za serikali, sifichi. Hii ilisema madiwani wa mji wetu, huku ughaibuni, jirani na Takoma Park, wanataka kuifuta kanuni iliyowazuia kupandisha kodi ya majengo, ile tunayotozwa wenye nyumba, kupita kiwango fulani bila wakazi kupiga kura. Kabla ya kuamua, watawasikiliza wananchi.

Kanuni ile ndiyo iliyokuwa ikinipa usingizi. Mume wangu alipata kiharusi, hafanyi kazi tena. Mimi natunza wazee wa watu kwa zamu. Kodi ikipanda wanavyotaka, tunauza. Na nyumba ile ndiyo anayoijua: ngazi ngapi, kitasa kiko wapi, ukuta upi wa kushika akielekea chooni. Hata nikiwa kazini nilimfikiria akianza upya kwenye chumba cha kupanga.

Nikajiandikisha kusema. Jioni ya kikao nilivaa gauni la kanisani. Kila msemaji alipewa dakika tatu, zikihesabiwa kwenye saa ya ukutani. Walionitangulia walinishangaza: mtu anasimama, hata habari zenu hasemi, anaanza kufoka. Adabu gani hiyo?

Nilipoitwa, nilisogea kwenye kipaza sauti. Nami nikiogopa hung'ang'ania nilichofundishwa. Nikaanza, kwa Kiingereza changu cha shule: mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, ndugu katibu, askari wetu pale mlangoni, wazee wangu, akina mama wenzangu. Nikashukuru kwa nafasi. Nikaomba radhi kwa kusema mbele ya walionizidi umri. Nikaeleza nilikotoka, na jinsi mji ulivyotupokea. Kengele ikalia ndiyo kwanza navuta pumzi niitaje nyumba.

"Asante sana, mama," mwenyekiti alisema. "Maneno mazuri kweli."

Kipaza sauti kikazimwa. Watu wakanipigia makofi, nami nikarudi kitini nikiwa na hofu yangu yote, hata chembe haijapungua. Baadaye madiwani wakanyoosha mikono, na kanuni ikafutwa.

Nilimkuta mume wangu sebuleni, mkono wake mzima umeushika ule uliopooza. Alikuwa ananisubiri tangu nilipotoka.

"Mama watoto, umewaambia?"

Nilivua viatu kwanza, kimoja kimoja, nikavipanga mlangoni.

"Nimewasalimia," nikasema.